Kichwa cha Shangazi Luseane

Kazi ya Jumamosi ile ilianza bila kasoro. Fusi alikuwa amekaa mbele ya printa yake, miguu iliyovimba ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisubiri picha ya mahafali ya binti wa mchungaji ikauke. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na mtoto alikuwa akigaagaa tumboni kama mtu asiyepata upande wa kulalia. Kutoka uani kulikuwa na harufu ya moshi na viazi vikuu. Mumewe, Feleti, alikuwa Australia akichuma zabibu za watu.

Pale Kolonga, kijiji cha kisiwani, hakuna aliyekwenda mjini kuchapisha picha. Walimletea Fusi. Walimletea picha iliyokwisha kutumwa kwenye simu kumi, imefifia kama chai ya majani ya jana, wakataka itoke kubwa kama mlango. Naye aliwaeleza, kwa subira inayopungua mwaka hadi mwaka, kwamba kioo cha kompyuta kina taa nyuma yake, kwa hiyo humo kila mtu hupendeza. Karatasi haina taa. Aliwaonyesha kipande cha majaribio kwanza. Alipunguza mwanga wa kioo, akaitajia printa aina ya karatasi badala ya kuiacha ikisie, halafu picha ikitoka hakuruhusu mtu aiguse mpaka wino ukauke kabisa. Watu walimwona ana maringo. Lakini picha zake ziliwazeesha waliozeeka na kuwang'arisha waliong'aa, na kila sebule ya kijiji ilikuwa nazo.

Mchana huo akaingia Kalolaine, amevaa nyeusi tupu, mkeka wa msiba, kama wanavyovaa huko, umemfunga kutoka kifuani hadi magotini. Huyu ni mtoto wa Shangazi Luseane, dada wa baba yake Fusi, aliyefariki hospitali siku iliyotangulia. Kalolaine alikuwa ametua kutoka Auckland asubuhi hiyo, na tayari alikuwa amegombana na wapishi, waimbaji na mwenye kukodisha turubai.

"We Fusi! Umekaa tu? Mama anarudi nyumbani Jumatatu asubuhi, na ukuta wake uko mtupu!"

"Pole, dada. Nimezipitia picha zote. Inayofaa ni hii moja."

Kwenye kioo Shangazi Luseane alikuwa akicheka kwa mdomo mzima. Mwanga wa dirisha ulimwangukia kutoka kushoto, ukamchora kila kunyanzi, na macho yalikuwa makali kama yuko chumbani. Nywele alikuwa amezilaza kwa mafuta ya nazi yenye maua, kama siku zote, na njia nyembamba imezigawa kutoka utosini hadi juu ya sikio la kushoto. Tatizo lilianzia shingoni kwenda chini. Alikuwa amevaa jezi ya raga ya mjukuu, jina la mfadhili limeandikwa kifuani, na mkononi alikuwa na paja la kuku lililokwisha kung'atwa.

"Hapana," Kalolaine alisema. "Mama yangu hataagwa na paja la kuku."

"Lakini ona uso ulivyotoka, dada. Hana picha nyingine ambayo hakuikimbia kamera."

"Uso chukua. Jezi itupe. Si wewe uliyesoma chuo Suva? Mvalishe mkeka wa maana, mama wa watu aonekane ana ukoo."

"Nimvalishe kutoka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Ningejua ningekuja kwako, binti wa mjomba?" Akaondoka, na uani sauti yake ikasikika ikimfokea mtu kuhusu nguruwe.

Kwa watu wa huko, shangazi ndiye mkubwa kwako kuliko baba yako mwenyewe. Fusi hakuwahi kula katika sahani ya Shangazi Luseane. Hakuwahi kusimama akiwa shangazi amekaa. Na kichwa chake hakuwahi kukigusa, hata kumtoa jani lililoangukia nywele. Hayo hayafundishwi darasani. Mtu huyakuta nyumbani, kama anavyoukuta mlango.

Tena kulikuwa na jambo la mimba, maana husemwa huko kwamba shangazi akikosewa, tumbo la binti wa kaka yake halishiki. Mbili za kwanza zilitoka. Ya tatu ilipoanza kumvuta kiuno, mama yake, Akanesi, alikunja mkeka wake bora kuliko yote, akamkokota binti hadi kwa wifi yake, wakakaa chini nje ya mlango. Shangazi Luseane alikuwa akimenya magimbi. Hakuuliza wamekosa nini. Hakugeuka. Alisema tu, "Nendeni. Huyu atakaa." Na kweli alikaa. Fusi, na shahada yake, alisema moyoni kwamba ni vidonge vya kliniki. Lakini alisema moyoni tu.

Sasa alivuta picha ya shangazi karibu, karibu zaidi, mpaka nywele zikaonekana mojamoja. Akashika kipanya. Akaanzia chini ya sikio, akashuka na taya, akazunguka kidevu, akapanda upande wa pili. Alikata kwa makini sana, maana ukikata ovyo pembeni panabaki weupe, na karatasi huutangaza. Hakuwaza mwiko. Aliwaza kivuli. Alihitaji mwili wenye mwanga wa kushoto, uliokaa wima, picha safi isiyovunjika ikikuzwa. Akaupata mmoja tu: wa mama yake. Aliupiga picha yeye mwenyewe kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, Akanesi amekaa mbele ya ukuta, mikono mapajani, kiunoni mkeka ule mwembamba laini wa harusi yake.

Alisita. Mbele ya wifi yake, Akanesi si kitu. Katika msiba huu nafasi yake ni nyuma ya nyumba, kwenye majiko, amejifunika mkeka mbovu uliochanika. Hata mlango wa mbele hatakanyaga.

"Mwili ni mwili," Fusi alijiambia, akakishusha kichwa cha shangazi juu ya shingo ya mama yake. Kikakaa sawasawa. Kikakaa vizuri mno. Mtoto akapiga teke moja kali, halafu akatulia.

Jumapili huko hakuna kazi. Sheria inakataza, mchungaji anakataza, na chakula kilivyo kizito kinakataza. Baada ya ibada watu walikula nyama na majani ya magimbi yaliyotoka kwenye tanuri la ardhini, kisha kijiji kizima kikalala. Hata mbwa walilala. Fusi alifunga madirisha, akatupa blanketi juu ya printa ili isisikike, akaiwasha.

Kipande cha majaribio kilitoka kizuri. Ngozi ilikuwa na rangi ya ngozi, nyeusi ilikuwa nyeusi kweli. Kulikuwa na kosa moja tu. Mstari mwembamba mweupe ulipita shingoni, kutoka ukingo hadi ukingo wa shingo, kama uzi.

Matundu ya wino yameziba, aliwaza. Akayasafisha. Akachapisha tena. Mstari ulikuwepo.

Akabadilisha karatasi, kutoka ya kung'aa hadi isiyong'aa. Mstari ulikuwepo.

Akafikiri kama fundi. Kama kosa ni la mashine, basi mashine hukosea mahali palepale pa karatasi. Akaigeuza picha, akaichapisha miguu juu kichwa chini. Ilitoka polepole, ikinguruma chini ya blanketi. Mstari haukubaki mahali pake. Ulikuwa umehama pamoja na shingo.

Akachapisha binti wa mchungaji. Safi. Hana hata alama.

Akarudi kwa shangazi. Sasa mstari haukuwa uzi tena. Ulikuwa na upana wa kidole, na ndani yake ulionekana ukuta wa nyuma, kana kwamba kichwa kimejiinua kidogo. Kwenye kioo palikuwa pameungana vizuri. Kwenye karatasi, macho yale yaliyokuwa yakicheka hayakuwa yakicheka. Mdomo ulikuwa bado wazi.

Fusi aliiweka karatasi kando. Akatafuta picha halisi ya mama yake. Si ile aliyoikatakata. Ile ya kwenye kadi ya kamera, ambayo tangu siku ya mkutano hakuna aliyeigusa. Akaichomeka. Akaifungua.

Mama yake alikuwa amekaa. Mikono mapajani. Mkeka kiunoni.

Hakuwa na kichwa.

Hapakuwa na alama ya kukatwa. Juu ya kola ya gauni ulikuwepo ukuta wa kanisa, mzima, rangi yake ya maziwa, ufa wake, na ubao wa namba za nyimbo ukining'inia kwenye msumari. Siku ile ubao huo ulikuwa nyuma ya kichwa cha Akanesi. Kamera isingeweza kuuona. Sasa namba zake zote zilisomeka.

"Fusi."

Sauti ilitoka chumba cha pili, alikolala mama yake. Ilikuwa ndogo.

Akanesi alikuwa amelala chali, mikono imenyooka ubavuni. Macho yalikuwa yamefumba. Midomo ndiyo iliyokuwa ikitembea, na sauti iliyotoka haikuwa na pumzi ndani yake.

"Nani kaniweka hapa?"

Fusi alishika mlango.

"Niondoe. Huyu ni mtu wa jikoni."

Sauti hiyo alikuwa ameisikia tangu utotoni. Alikuwa akiisikia nje ya mlango wa shangazi, akiwa amekaa chini.

Kisha mama yake akafumbua macho, akajaribu kugeuka, akapiga ukelele. "Shingo yangu! Mwanangu, shingo. Tangu jana inabana, leo haigeuki."

Tangu jana. Fusi akaweka mikono tumboni. Akabonyeza kulia. Akabonyeza kushoto. Alikunywa maji ya baridi, akalala ubavu sakafuni pale pale kama alivyofundishwa kliniki, akasubiri. Teke la mwisho lilikuwa lile la jana, alipokuwa na kipanya mkononi.

"Mama," alinong'ona. "Nimemkata shangazi."

"Umemkata nini?"

"Kichwa. Kwenye picha. Nimemweka kwenye mwili mwingine."

Akanesi hakuweza kugeuza shingo. Aligeuza macho tu. "Wa nani?"

Fusi alileta karatasi, akaishika juu ya uso wa mama yake. Akanesi alitazama mikono iliyo kwenye picha, kisha akaitazama yake.

"Huu mkeka wangu," alisema taratibu. Halafu, "Fusi. Mtoto anacheza?"

Fusi alilia bila sauti, maana nje kijiji kilikuwa kimelala.

"Usilie. Lini ulimhisi?"

"Jana mchana."

"Washa hiyo mashine yako."

"Leo Jumapili, Mama."

"Mimi ndiye ninayeenda kanisani humu ndani, unanifundisha Jumapili? Washa! Ile ya jezi. Itoke yote, na kuku wake. Usimkate hata ukucha."

Fusi alijua la kufanya, na mikono yake ilijua. Ukiiagiza printa ijaze karatasi mpaka pembeni, huikuza picha kidogo na kula kingo zake. Watu wengi wamepoteza vidole na visigino namna hiyo bila kujua. Akaacha ukingo mweupe pande zote nne. Hakulainisha kunyanzi. Hakugusa rangi. Alipofika karibu na uso aliondoa mkono kwenye kipanya kabisa, akatumia vitufe.

Picha ilitoka kimya. Fusi angeapa kwamba ilitoka kimya. Na ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuchapisha, jezi, mfadhili, kuku na yote. Shingo ilikuwa shingo.

Lakini tumboni hapakutikisika kitu.

"Picha peke yake haitoshi," Akanesi alisema. "Atakayekusamehe ni mwenyewe. Kesho kabla hawajafunika jeneza."

Asubuhi walivaa mikeka mibovu iliyochanika, mama na binti. Akanesi alitembea kichwa kimepinda upande, kama mtu anayesikiliza jambo begani. Fusi alijivika shingoni shada la majani, lile la mtu anayekwenda kuomba radhi, ambalo aliyekosewa hulikata akikubali, na chini ya mkeka alikumbatia picha iliyofungwa kwa kitambaa. Hakuwa amelala. Hakuwa amehisi kitu. Alikuwa akihesabu pumzi zake mwenyewe, kana kwamba angeweza kumgawia mtoto.

Jeneza lilikuwa limekwisha kuingia. Waimbaji walikuwa wakiimba ndani. Akanesi akabaki njiani, asithubutu kusogea. Fusi akaenda mpaka mlango wa mbele, akajishusha chini na tumbo lake, akainamisha uso.

Kalolaine alitokea mara moja. "Ndiyo nini hii? Picha iko wapi? Na hayo majani shingoni, Fusi, mbona unanitia aibu mbele ya mchungaji?"

"Dada, nimemkata mama yako kichwa."

"Punguza sauti!"

"Nilikikata, nikakiweka juu ya mwili wa mama yangu. Mtoto hachezi tangu hapo. Naomba radhi. Kwako na kwake."

Kalolaine alifungua mdomo. Lolote alilotaka kusema lilikatizwa, kwa sababu ndani wimbo ulikatika katikati ya neno.

Kimya.

Kisha sauti ya mwanamke mzee, mmoja wa wale wanaoruhusiwa kumgusa maiti, ilinong'ona kwa mwenzake. Katika kimya kile ilisikika mpaka mlangoni.

"Shingo haikai."

"Weka mto."

"Nimeweka. Nimeweka miwili. Kichwa kinaanguka tu. Tangu hospitali kinaanguka."

Kalolaine alishika nguzo ya baraza. Rangi ilimtoka usoni, na pamoja nayo ikatoka Auckland yote. Alikuwa sasa mtoto tu wa Luseane.

"Mimi ndiye niliyesema," alinong'ona. "Uso chukua, nilisema. Jezi itupe. Ni mimi."

"Dada, tafadhali. Mtoto."

Kalolaine alipiga magoti. Msiba mzima ulimwona akipiga magoti mbele ya binti wa mjomba wake, jambo ambalo halijawahi kuonekana, na hakujali. Akalishika shada shingoni mwa Fusi kwa mikono miwili. Akalivuta. Akalikata. Majani, ambayo Akanesi aliyachuma alfajiri hiyo yakiwa na umande, yalianguka mkekani yamekauka, yakavunjika kama ganda la yai.

"Mama," Kalolaine alisema kuelekea ndani, na sauti ilikuwa ikimtoka vipande vipande. "Mama, mwachie. Mwachie mtoto. Umevaa jezi yako. Nitaitundika mwenyewe."

Akaifungua picha, akaingia nayo. Walisikia nyundo ikigonga msumari. Watu fulani walicheka kidogo, kwa kuona lile paja la kuku, kisha wakalia.

Mwanamke mzee akasema, "Kimekaa."

Njiani, Akanesi aligeuza shingo.

Na Fusi, pale chini mlangoni, alipigwa teke chini ya mbavu kwa nguvu hata akashindwa kupumua. Likafuata la pili. Akalala ubavu juu ya majani yaliyovunjika, akayapokea yote, akilia kwa sauti sasa, na kwa kuwa ulikuwa msiba hakuna aliyemuuliza analilia nini.

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kike, mzima, mwenye sauti. Kalolaine ndiye aliyempa jina, kwa kuwa ni haki yake, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni jina gani. Zile karatasi zenye mstari zilichomwa nyuma ya majiko.

Siku moja asubuhi, jua limewaka, Fusi alimpiga picha mtoto akiwa usingizini ili amtumie Feleti. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Akanesi alikuwa kanisani akifagia. Kwenye kioo mtoto alikuwa alivyokuwa kitandani: ngumi mbili karibu na mashavu, nywele zimesimama huku na huku kama za kifaranga aliyenyeshewa. Fusi alitabasamu. Akaacha ukingo mweupe pande zote nne, akachapisha.

Karatasi ilipotoka, nywele za mtoto zilikuwa zimechanwa.

Zimechanwa vizuri, zimelazwa, zinang'aa. Zilipitiwa na njia nyembamba, imenyooka kutoka utosini hadi juu ya sikio la kushoto.

Fusi aliangalia kioo. Nywele zilikuwa zimesimama. Aliangalia karatasi. Hakukimbia. Alitembea mpaka chumbani, mkono mmoja ukutani, akainama kitandani.

Mtoto alikuwa amelala. Chumba kilinuka mafuta ya nazi yaliyotiwa maua, mazito, kama ya mtu aliyetoka kujipaka sasa hivi. Nywele zilikuwa zimelala, zingali na maji ya chanuo, na ile njia ilikuwepo, imenyooka, na ngozi iliyoonekana ndani yake ilikuwa na joto zaidi kidogo kuliko kwingine.

Fusi ameshajaribu kuzichana upande mwingine. Akanesi amejaribu, na muuguzi wa kliniki amejaribu kwa maji na kwa sabuni. Mara moja walimnyoa kabisa. Zilipoota, ziliota tayari zimegawanyika, na mtoto, akiguswa hapo, hunyamaza na kutazama juu ya bega la anayemgusa.